Kiunzi kinachoshikilia utando wa seli nyekundu: mwongozo kamili wa kukipima na kukiona maabara

Utando wa seli nyekundu ya damu una unene wa nanomita chache tu. Sehemu yake ya mafuta, yaani zile tabaka mbili za fosfolipidi na kolesteroli, haivumilii kuvutwa: eneo lake likitanuka kwa asilimia 3 au 4 hivi, unachanika. Hata hivyo seli hiyo yenye kipenyo cha mikromita 7 hadi 8 hupenya nyufa za bandama zenye upana wa mikromita 1 au pungufu, hutokea upande wa pili, hurudi kwenye umbo lake, na huendelea hivyo kwa takriban siku 120. Mafuta peke yake hayawezi kazi hiyo. Inafanywa na wavu wa protini uliotandazwa chini ya utando, upande wa ndani wa seli.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa maabara, wataalamu wa vipimo vya damu na walimu wa baiolojia ya seli. Una kazi tatu. Ya kwanza, kupima utete wa seli katika maji ya chumvi, yawezekana hata katika maabara ya wilaya. Ya pili, kupasha damu moto, inahitaji bafu ya maji na hadubini tu. Ya tatu, kutoa maganda ya seli (utando uliobaki baada ya yaliyomo kumwagika) na kuyavua spektrini, protini kuu ya wavu huo, inahitaji sentrifuji yenye ubaridi na kasi kubwa. Kabla ya kushika pipeti, ni lazima ujue nani kashikana na nani, la sivyo utapata namba usizoweza kuzisoma.

Vipande vya wavu

Protini kuu ni spektrini. Ina minyororo miwili, alfa (kDa 280, yaani kilodaltoni, kipimo cha uzito wa protini) na beta (kDa 246), inayolala ubavu kwa ubavu huku kichwa cha mmoja kikielekea mkia wa mwingine. Jozi mbili za namna hiyo huungana vichwa na kufanya kamba yenye urefu wa nanomita 200 ikinyooshwa kabisa. Ndani ya seli haikunyooka. Imejikunja hadi kama theluthi ya urefu huo, na akiba hiyo ndiyo inayoruhusu wavu kuvutika na kurudi. Seli moja ina kamba hizi karibu 100,000.

Ncha za kamba hufungwa kwenye vijiti vifupi vya aktini, vyenye urefu wa nanomita 37 hivi. Kwa kawaida kamba sita hukutana kwenye kijiti kimoja, ndiyo maana wavu huonekana wa pembe sita chini ya hadubini ya elektroni. Fundo hilo linakazwa na protini 4.1, bila hiyo, spektrini na aktini hushikana kwa ulegevu mno. Aduksini na tropomayosini zipo pia, kudhibiti urefu wa kijiti.

Wavu huo haushikamani na mafuta kwa kujigusa tu. Una nanga mbili. Ya kwanza ni ankirini, inayounganisha spektrini beta na protini ya bendi 3, ambayo imepenya utando na hufanya pia kazi ya kubadilishana kloridi na bikaboneti. Bendi 3 ziko karibu milioni 1.2 kwa kila seli, na protini 4.2 huimarisha muungano wake na ankirini. Nanga ya pili iko penye fundo lenyewe: protini 4.1 hushika glaikoforini C.

Sasa gawanya viungo hivi katika makundi mawili, kwa sababu kila tafsiri inayofuata inategemea hapo. Viungo vya wima ni vile vinavyofunga wavu na mafuta: spektrini, ankirini, bendi 3, 4.2. Vikilegea, mafuta yasiyo na mshikizo hujimega vijipovu na kupotea kidogo kidogo, seli hubaki na ngozi pungufu na kuwa duara. Huo ni ugonjwa wa sferositosisi ya kurithi. Viungo vya ulalo ni vile vinavyofunga spektrini kwa spektrini na spektrini kwa aktini. Vikilegea, wavu huvutika lakini haurudi, seli huganda katika umbo la yai. Hiyo ni eliptositosisi ya kurithi, inayopatikana zaidi katika maeneo ya Afrika yenye malaria kuliko Ulaya. Wavu ukikatika vibaya sana, seli huvunjika vipande vipande: piropoikilositosisi.

Hesabu ya ngozi na ujazo

Seli ya kawaida ina ujazo wa femtolita 90 na eneo la utando la mikromita za mraba 140 hivi. Tufe lenye ujazo wa femtolita 90 lingehitaji eneo la 97 tu. Kwa hiyo seli ina ngozi ya ziada ya zaidi ya asilimia 40, na inaweza kuvimba hadi femtolita 155 hivi kabla ya kuwa tufe lililokaza. Baada ya hapo kila tone la maji linaloingia linauvuta utando wenyewe, na unapasuka.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kipimo cha chumvi hakipimi nguvu ya wavu moja kwa moja. Kinapima akiba ya ngozi iliyobaki. Kama nanga za wima zilikuwa dhaifu, ngozi imepotea tangu seli ilipokuwa ndani ya mwili, na seli itapasuka mapema. Kama kasoro ni ya ulalo na ni nyepesi, ngozi bado ipo na kipimo kinaweza kutoka safi kabisa ilhali hadubini inaonyesha seli za umbo la yai uwanja mzima. Usimwandikie daktari kwamba kiunzi ni kizima kwa sababu ya kipimo hiki pekee.

Kazi ya kwanza: utete katika maji ya chumvi

Anza na akiba ya chumvi yenye nguvu sawa na gramu 100 za sodiamu kloridi kwa lita. Pima sodiamu kloridi gramu 90, Na2HPO4 isiyo na maji gramu 13.65, na NaH2PO4 yenye molekuli mbili za maji gramu 2.34. Yeyusha, fikisha lita 1 kwa maji yaliyokenekwa. Chumvi ya mezani haifai. Imewekewa madini joto na vitu vya kuzuia isigande. Hata chumvi ya maabara ikikaa chupa wazi katika hewa ya pwani hunywa unyevu, na gramu 90 unazopima zinakuwa na maji ndani yake. Ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 105 kwa saa kadhaa, ipoe kwenye chombo kikavu kilichofungwa, ndipo uipime.

Zimua akiba hiyo mara kumi upate gramu 10 kwa lita. Kutoka hapo tengeneza mililita 50 za kila nguvu. Kanuni ni rahisi: zidisha nguvu unayotaka kwa 5, hiyo ndiyo idadi ya mililita za kuchukua, kisha jaza maji hadi 50. Kwa 9.0 chukua mililita 45, kwa 5.5, mililita 27.5; kwa 4.0, mililita 20. Andaa 9.0, 7.5, 6.5, 6.0, 5.5, 5.0, 4.5, 4.0, 3.5, 3.0, 2.0 na 1.0. Kagua pH ya kila chupa iwe 7.4. Tofauti ya pH ya 0.1 tu inasogeza matokeo sawa na kubadili chumvi kwa gramu 0.1 kwa lita, na pH ikishuka seli huonekana tete zaidi.

Damu ichukuliwe kwenye chupa ya heparini. Sitrati na oksaleti ziepukwe kwani zinaongeza chumvi kwenye sampuli. Ipimwe ndani ya saa 2 ikiwa imekaa kwenye joto la chumba, au saa 6 ikiwa nyuzi 4. Chukua pia damu ya mtu mzima mwenye afya kwa wakati uleule. Hiyo ndiyo sampuli ya kulinganisha, na bila yake kipimo hakina maana.

1. Weka mililita 5 za kila maji ya chumvi kwenye mrija wake, mfululizo mmoja kwa mgonjwa na mwingine kwa mlinganisho. Andika namba kwenye mrija wenyewe, usiandike kwenye kizibo.

2. Geuza-geuza chupa ya damu taratibu hadi iwe nyekundu inayong'aa. Damu nyeusi ya mshipa ina kaboni dioksidi nyingi, nayo huvimbisha seli.

3. Ongeza mikrolita 50 za damu kwenye kila mrija. Futa nje ya ncha ya pipeti kila mara.

4. Funika, geuza mrija juu chini mara chache. Usitikise. Povu na mtikiso hupasua seli kwa nguvu ya mikono, na utasoma hiyo kana kwamba ni kazi ya chumvi.

5. Acha dakika 30. Geuza tena, kisha zungusha kwenye sentrifuji kwa 1,200 g (mara 1,200 ya nguvu ya mvutano wa dunia, si gramu) kwa dakika 5.

6. Chukua maji ya juu bila kugusa mashapo. Soma ufyonzaji wa mwanga kwa nanomita 540. Sifuri ni maji ya juu ya mrija wa 9.0, asilimia 100 ni mrija wa 1.0.

7. Gawanya kila usomaji kwa ule wa asilimia 100, zidisha kwa 100. Chora mchoro: chumvi mlalo, asilimia ya kupasuka wima.

Damu yenye hemoglobini ya gramu 150 kwa lita husoma karibu 1.3 kwenye mrija wa asilimia 100. Mashine nyingi ndogo hazinyooki tena zikifika huko. Kama yako inaanza kuyumba juu ya 1.0, zimua maji ya juu ya mirija yote kwa kiasi kimoja, usizimue mmoja tu uliozidi.

Damu mbichi ya kawaida, kwenye nyuzi 20, hutoa asilimia 0 kwa 5.5, 0 hadi 5 kwa 5.0, 5 hadi 45 kwa 4.5; 50 hadi 90 kwa 4.0, 90 hadi 99 kwa 3.5, na 97 hadi 100 kwa 3.0. Namba moja ya kuripoti ni ile chumvi inayopasua nusu ya seli, ambayo kwa kawaida iko kati ya 4.0 na 4.45. Tuseme mrija wa 4.5 umetoa asilimia 20 na wa 4.0 asilimia 70. Kutoka 20 hadi 50 ni hatua 30 kati ya 50, sawa na gramu 0.3 kati ya ule mwanya wa gramu 0.5. Jibu ni 4.2. Mgonjwa mwenye asilimia 38 kwa 5.0 na 74 kwa 4.5 ana jibu la 4.83, na hiyo si kawaida.

Tazama umbo la mchoro, si namba peke yake. Sferositosisi huwa na mkia: seli chache tete sana zilizokwisha kupitia bandama mara nyingi hupasuka kwa 6.0 au 5.5 wakati wenzao bado wazima. Mgonjwa aliyeondolewa bandama huelekea kupoteza mkia huo, ingawa utete wa jumla hubaki.

Joto la chumba ni mtego mkubwa kwetu. Kila joto likipanda nyuzi 5, seli huonekana imara zaidi kwa kiasi sawa na gramu 0.1 za chumvi kwa lita. Chumba cha Mombasa au Dar es Salaam chenye nyuzi 30 kinamficha mgonjwa: damu ambayo ingesoma 4.55 kwenye nyuzi 20 inasoma karibu 4.35, na inapita kama ya kawaida. Ama weka mirija kwenye beseni la maji ya nyuzi 20 (maji ya bomba na vipande vya barafu, kipimajoto ndani), ama jenga viwango vyako kutoka kwa watu wenye afya katika chumba hichohicho. Kuazima viwango vya kitabu kilichoandikwa nchi ya baridi bila kufanya lolote kati ya haya ni kujidanganya.

Ikiwa damu mbichi imetoka mpakani mwa kawaida, rudia baada ya kuiweka nyuzi 37 kwa saa 24 kwenye chupa safi isiyo na vijidudu. Glukosi huisha, nishati ya ATP hupungua, na seli zenye nanga dhaifu hupoteza utando zaidi kuliko nyingine. Kiwango cha kawaida hapa ni 4.65 hadi 5.9. Ongeza mirija ya 7.0, 8.0 na 12.0, maana seli dhaifu zinaweza kuvuja hata kwenye 9.0, na ukiutumia mrija huo kama sifuri utafuta ushahidi wenyewe. Mrija wa 12.0 hautoki kwenye akiba ya 10. Chukua mililita 6 za akiba ya 100, jaza hadi 50. Damu ikinuka au ikibadilika rangi baada ya hizo saa 24, imeingia bakteria. Itupe.

Kuhusu tafsiri, mambo manne yanachanganya. Upungufu wa damu unaotokana na kinga ya mwili kushambulia seli nao hutoa seli duara, hivyo fanya kwanza kipimo cha Coombs, kinachotafuta kingamwili zilizojishika kwenye seli nyekundu. Upungufu wa madini ya chuma, thalasemia na selimundu husogeza mchoro upande mwingine, kwa sababu seli hizo zina ngozi nyingi kulinganisha na kilichomo ndani. Mtoto mwenye sferositosisi na upungufu wa chuma kwa pamoja anaweza kutoka katikati, kama mzima. Rudia akishatibiwa. Na pale penye mashine ya kuhesabu seli kwa mwanga, kipimo cha eosini-5-maleimaidi, rangi inayojishika kwenye bendi 3, ni bora kwa sferositosisi na kinatumia damu kidogo.

Kazi ya pili: kupasha moto

Spektrini ya kawaida huvunjika umbo lake kwenye nyuzi 49 hadi 50. Ikilegea hivyo, utando unabaki bila mshikizo na seli huanza kumea vichipukizi na kumeguka mbele ya macho yako. Hakuna jaribio rahisi kuliko hili la kuonyesha darasa kwamba wavu, na si mafuta, ndio unaoshika umbo.

Osha damu mara tatu kwa maji ya chumvi ya 9.0 yenye bafa. Changanya sehemu 1 ya seli zilizoshindiliwa na sehemu 50 za maji hayo. Gawa mikrolita 200 kwenye mirija midogo yenye kuta nyembamba na uiweke kwenye bafu ya maji kwa dakika 10: mmoja nyuzi 37, wengine 45, 46, 47, 48, 49 na 50. Toa, poza kwenye maji ya kawaida, weka tone kwenye slaidi, funika, tazama kwa lenzi ya 40.

Kwa mtu wa kawaida hutaona badiliko la maana hadi 48. Kwenye 49 na 50 utaona seli zenye vichipukizi na vitufe vidogo vinavyoelea. Mgonjwa wa piropoikilositosisi huanza haya kwenye 45 au 46. Kwa kuwa tofauti yote ni ya nyuzi chache, kipimajoto kisicho sahihi kinaharibu kila kitu: kilinganishe na kingine kilichothibitishwa, na weka kipimajoto ndani ya mrija wenye maji, usisome ile namba ya kioo cha bafu. Sampuli ya mlinganisho iende sambamba, dakika ileile.

Kazi ya tatu: maganda, na kuvua wavu

Kila kitu hapa, isipokuwa pale unapoambiwa upashe, kifanyike kwenye barafu, kwa bafa zilizopozwa hadi nyuzi 4. Vimeng'enya vya kukata protini kutoka kwenye seli nyeupe ndio adui mkuu.

Kuosha. Zungusha mililita 10 za damu kwa 1,500 g dakika 10. Nyonya plazima, kile kitambi cheupe cha juu (seli nyeupe), na milimita moja ya seli nyekundu chini yake, usiionee huruma. Osha mara tatu kwa sodiamu kloridi 150 mM (milimola kwa lita; hapa ni gramu 8.77 kwa lita) yenye fosfeti 5 mM, pH 8.0, ukinyonya weupe uliobaki kila mara.

Kupasua. Mwaga mililita 1 ya seli kwenye mililita 40 za fosfeti 5 mM, pH 8.0, yenye EDTA 1 mM na PMSF 0.2 mM. EDTA inaondoa kalsiamu, ambayo huamsha vimeng'enya vya kukata na kuunganisha protini visivyotakiwa. PMSF, inayozuia vimeng'enya vya kukata protini, ni sumu, huyeyushwa kwanza kwenye ethanoli, na ikishaingia majini huharibika upesi. Iongeze dakika ya mwisho. Subiri dakika 10 kwenye barafu.

Kukusanya. Zungusha kwa 22,000 g dakika 15. Nyonya maji mekundu. Inamisha mrija: maganda yatateleza kama uji mwepesi, na chini yake utaona kitufe kidogo kigumu chenye rangi ya kijivu. Hicho ni mabaki ya seli nyeupe na vimeng'enya vyao. Kinyonye chote. Watu wengi wanaolalamika kwamba spektrini yao imekatika-katika walikiacha hicho. Rudia mara tatu au nne hadi maganda yawe meupe, au ya waridi hafifu. Yakikataa kuwa meupe, pH imeshuka chini ya 7 au ulimwaga seli nyingi kwenye bafa kidogo.

Sasa gawa maganda mafungu matatu.

Fungu A ni la kulinganisha. Liache.

Fungu B, ondoa mafuta. Changanya na mara tano za bafa yenye Triton X-100, hesabu ya mwisho iwe asilimia 1, sodiamu kloridi 150 mM, fosfeti 5 mM, pH 8.0. Dakika 30 kwenye barafu. Sabuni hii isiyo na chaji huyeyusha fosfolipidi na protini nyingi zilizopenya utando. Chini ya hadubini ya utofauti wa awamu utaona bado miduara yenye ukubwa wa seli, hafifu sana: ni wavu mtupu, uliobaki umesimama wenyewe. Jaribio hili lilielezwa na Yu, Fischman na Steck mwaka 1973, na hadi leo ndilo ushahidi wa moja kwa moja kwamba umbo liko kwenye protini. Usitumie SDS, sabuni yenye chaji, hapa. Hiyo huvunja protini pia na hutabakiwa na kitu.

Fungu C, ondoa wavu. Osha mara moja kwa fosfeti 0.3 mM yenye EDTA 0.1 mM, pH 8.0, kisha loweka kwenye mara tatu za bafa hiyo na upashe nyuzi 37 dakika 30. Chumvi ikiwa kidogo hivi, spektrini na aktini huachia nanga zao. Maganda makubwa hugeuka vijipovu vidogo vidogo, kwa sababu mafuta yaliyobaki bila wavu hayawezi kushikilia umbo pana. Bafa dhaifu kiasi hiki haina nguvu ya kushika pH. Kaboni dioksidi ya hewani inaishusha, basi ipime mwisho kabisa kabla ya kutumia. Tenganisha kwa 100,000 g dakika 30. Kwa 40,000 g vijipovu vingi vitabaki juu na utadhani umepata spektrini chafu.

Ukitaka kamba kamili za jozi mbili, loweka nyuzi 4 usiku kucha badala ya nyuzi 37. Joto la 37 huachanisha vichwa na kukupa jozi mojamoja. Kwenye baridi hali iliyokuwa ndani ya seli hubaki karibu ilivyo. Hii ndiyo njia ya kuchunguza mgonjwa wa eliptositosisi: dondoo la nyuzi 4 likiwa na jozi mojamoja nyingi kuliko la mlinganisho, vichwa vya spektrini yake havishikani.

Hatimaye jeli, inayotenganisha protini kwa ukubwa wao. Weka mikrogramu 15 za protini kwa kila njia kwenye jeli ya SDS ya asilimia 5.6, au ya mteremko wa 4 hadi 15, na utie rangi ya Coomassie. Fungu A linaonyesha mistari miwili mizito juu, spektrini alfa na beta, chini yao ankirini karibu kDa 210, mstari mpana uliosambaa karibu kDa 100, bendi 3, kisha 4.1 (80), 4.2 (72) na aktini (43). Namba za bendi si kitu kingine ila mpangilio wao kutoka juu. Mashapo ya B yanabaki na spektrini, aktini na 4.1, na bendi 3 kiasi tu. Maji ya juu ya C yana spektrini na aktini. Mashapo yake yana bendi 3, ankirini, 4.1 na 4.2. Glaikoforini usizitafute: Coomassie haizipaki rangi vizuri. Ukiona mistari mingi myembamba kati ya spektrini na bendi 3, ni ukataji wa vimeng'enya. Rudi kwenye kile kitufe cha kijivu.

Utando mgumu na malaria

Kimelea cha Plasmodium falciparum kinaishi ndani ya wavu huu na kinaurekebisha. Protini yake iitwayo KAHRP hujishika kwenye spektrini na kuinua vinundu juu ya seli, vinavyoisaidia kunata kwenye kuta za mishipa. Nyingine, MESA, hushika protini 4.1. Upande wa binadamu, utafiti uliofanyika Kilifi, pwani ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba watu wenye kundi la damu la Dantu, linalotokana na badiliko katika jeni za glaikoforini, wana utando uliokaza zaidi, na kimelea hushindwa kupenya kwa urahisi. Kwa mwalimu anayetafuta sababu ya wanafunzi kujali mkazo wa utando, mfano huu unatosha. Misuli nayo ina ndugu wa spektrini, distrofini (kDa 427). Ikikosekana utando wa misuli huchanika unapokunja na kukunjua, na kimeng'enya cha CK humwagika kwenye damu ya mtoto mwenye ugonjwa wa Duchenne.

Usalama na uhifadhi

Damu yote ichukuliwe kuwa na uwezekano wa VVU na homa ya ini B: glavu, koti, miwani wakati wa kupasua. Mabaki yalowekwe kwenye klorini ya asilimia 0.5 kabla ya kumwagwa. Usitie klorini kwenye mrija ungali kwenye rota ya chuma. Inakula alumini, na rota iliyoliwa hupasuka ikizunguka.

Maganda hukaa nyuzi 4 siku mbili tatu, au nyuzi hasi 80 kwa muda mrefu zaidi ikiwa ni kwa ajili ya jeli tu. Dondoo la spektrini lisigandishwe. Liweke kwenye barafu, liongezee sodiamu kloridi hadi 100 mM, na lipimwe ndani ya siku chache. Likikaa, jozi hujirundika na kuganda chini ya mrija, na kile unachopima juu si kile ulichotoa kwenye seli.